Wakaao Chini ya Tope

Ukimwuliza mtoto wa Shinyanga wakati wa masika katika lambo la kijiji chao mna nini, atakujibu upesi, "Mna maji." Ukimwuliza chini ya maji mna nini, atakujibu, "Mna tope." Ukiendelea kumwuliza ndani ya tope mna nini, atacheka, maana atadhani wamfanyia mzaha. Kwake yeye tope ni tope tu. Huchafua nguo, hushika magurudumu ya baiskeli, na ng'ombe aliyedhoofika kwa njaa hukwama humo asiweze kutoka. Nami nilipokuwa mtoto mchungaji niliwaza hivyo hivyo. Lakini tope la lambo ni kama mji wenye wenyeji wengi. Wengi wao ni majirani wasio na madhara, na yuko mmoja ambaye yakupasa umjue kwa sura yake, maana kutomjua kumewaumiza watoto wengi wa nchi hii, nami nilikuwa mmoja wao.

Kabla ya kwenda lamboni, nitawapeleka mbali kidogo. Katika nchi ya Indonesia, penye kisiwa cha Sulawesi, uko mlango mwembamba wa bahari uitwao Lembeh. Sehemu kubwa ya chini yake si matumbawe ya kupendeza, bali ni mchanga mweusi uliotokana na milima ya moto, pamoja na tope na takataka. Hata hivyo watu hutoka Ulaya, Marekani na Japani, hulipa nauli kubwa, huvaa miwani ya maji na kubeba mitungi ya hewa migongoni, wakapiga mbizi ili kutazama tope hilo. Hawatafuti papa wala nyangumi. Hutafuta viumbe wadogo, wengine wao si wakubwa kuliko ukucha wa kidole: farasi wa baharini, kamba wenye rangi, konokono wasio na gamba, na pweza. Katika maji ya Sulawesi ndimo alimogunduliwa mwaka 1998 pweza awezaye kuiga sura za wengine. Mara hujilaza akawa kama samaki bapa, mara huficha mikono sita tundu­ni na kunyosha miwili tu, ukadhani ni nyoka wa baharini mwenye sumu.

Jambo hili laweza kufanywa na mtu asiye bingwa. Mara nyingi mahali pa namna hiyo maji si ya kina kirefu wala hayana mkondo wa nguvu, na mwenye kujifunza hupelekwa huko na kiongozi wake bila hofu kubwa. Lakini mgeni hana macho. Siku ya kwanza haoni kitu ila tope, mpaka kiongozi amwonyeshe kwa kijiti, "Tazama hapa," naye hutazama tena na tena asione, kisha kwa ghafula kile alichodhani ni jani bovu hufumbua jicho. Watu hao wana desturi zao. Hawapigi mateke, maana tope likivurugwa huinuka kama moshi, na kazi ya siku hiyo imekwisha. Hawashiki kiumbe kwa mkono. Hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, wakitazama kipande cha tope kisichozidi upana wa mkeka.

Pwani yetu nayo ina mabingwa wa kazi hii, ijapokuwa hawavai mitungi. Wanawake wa Unguja na Pemba, wakati wa bamvu maji yatokapo mbali, huenda kwa miguu wakiwa na vijiti, wakatafuta pweza na kombe. Wewe na mimi tungepita juu ya tundu la pweza tusilione. Mama wa kule akiona maganda ya kaa yametupwa mlangoni pa kijitundu, ajua ya kuwa mwenye nyumba yumo ndani naye amekwisha kula.

Sisi wa Shinyanga tuko mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 600. Walakini tope tunalo. Tunalo tope jeusi la mbugani, tope la majaruba ya mpunga, tope la malambo, na upande wa Geita tunalo tope la ufuko wa Ziwa Viktoria. Na kazi ile ya kutazama yaweza kufanyika hapa kwetu, nayo haihitaji mtungi wa hewa wala nauli. Iko tofauti moja tu, lakini ni kubwa: wao huingia majini, sisi hatuingii. Sababu yake mtaisikia.

Vyombo vyetu ni hivi. Twaa beseni jeupe, maana juu ya weupe hata mdudu mdogo huonekana. Twaa kipande cha chandarua kikuukuu, ukishone kwenye duara la waya, kisha ulifunge duara hilo kwenye mti mrefu kupita kimo chako. Twaa kijiko kirefu, na kama shule ina kioo cha kukuzia, kichukueni. Vaa viatu vya mpira virefu ikiwa unavyo, na kama huna, simama pakavu ukingoni. Mwenye zamu ya wavu avae mifuko ya nailoni mikononi. Zama wavu taratibu mpaka uguse tope, ukaukokote kidogo, uinue, usubiri maji yachuruzike, ndipo umwage kilichobaki ndani ya beseni lenye maji safi mliyokuja nayo kutoka bombani. Kisha ngojeni. Watoto wengi hushindwa hapa. Hutazama mara moja, wakasema, "Mwalimu, hamna kitu," wakageuka kwenda kucheza. Tope halijatulia bado! Hesabuni polepole mpaka mia tatu, ndipo mtazame.

Siku moja nilikuwa na wanafunzi wangu kumi na wawili katika kazi hii, akapita mzee mmoja akiswaga ng'ombe. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitika, "Marahaba wajukuu zangu." Akasimama akatutazama tulivyoinamia beseni, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mmepata dhahabu?" Hakukosea kuuliza, kwa kuwa katika nchi yetu, toka Kahama mpaka Geita, mtu aonekanaye akiosha tope ndani ya karai huwa anatafuta dhahabu. Nikamwonyesha yaliyomo. Akatazama kitambo, akasema, "Miaka yote nanyweshea ng'ombe hapa, kumbe nawanywesha na hawa!"

Kwanza kabisa utaona vitu vyekundu kama nyuzi fupi, vikijikunja na kujikunjua. Hao ni mabuu wa wadudu wadogo wafananao na mbu, lakini wasiouma. Wekundu wao ni ule ule wa damu yako, maana mna rangi ya namna moja nayo, ambayo kazi yake ni kushika hewa. Ndani ya tope hewa ni haba sana, na kwa rangi hiyo buu huweza kujiwekea hewa kidogo pale ambapo mdudu mwingine angekufa. Jamaa zake hukaa katika tope la Ziwa Viktoria kwa idadi isiyohesabika. Wakiisha kukua hupanda juu ya maji, hupata mabawa, na kuruka kwa makundi makubwa hata mtu aliye mbali hudhani ni moshi wa moto uliowashwa ziwani. Katika sehemu nyingine za ziwa watu huwakamata kwa vikapu na sufuria, wakawafinyanga mikate na kuila.

Kisha utaona buu la kereng'ende. Kereng'ende mwenyewe mwamjua, yule arukaye juu ya maji mwenye mabawa manne yang'aayo. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Ni mnene, ana rangi ya tope, naye hutembea polepole kama mzee. Usidanganyike. Chini ya kichwa chake mna mdomo uliokunjwa kama mkono, na ncha yake ina kucha. Kiluwiluwi akipita karibu, mkono ule hufyatuka mbele na kumnasa kabla jicho lako halijatambua lililotukia. Tena hupumua kwa upande wa nyuma: huvuta maji kwa tumbo la mwisho, na akitishwa huyatoa kwa nguvu, akasukumwa mbele kama mshale. Watoto hupenda sana khabari hii, na mara nyingi huniomba niirudie.

Pengine utapata mdudu bapa, mpana kama mbegu ya boga, mwenye vifungo vidogo vingi vimepangwa mgongoni. Wale si vifungo, ni mayai. Jike humtagia dume mgongoni, kisha huenda zake. Dume huyabeba, huyapandisha juu yapate hewa, na hayaachi mpaka watoto watoke. Basi huyu ni baba mlezi. Ila usimshike, maana huuma kwa uchungu.

Wako na wengine: ruba, kaa wadogo, mende wa maji waendao na povu la hewa chini ya mabawa, na kamba wadogo wapitao kiasi waogeleao chali, matumbo juu. Hao kamba nitawarudia, maana maisha yao ni ya ajabu. Sasa yatupasa kumtazama jirani yule niliyemtaja mwanzo.

Ni konokono. Ni mdogo, mara nyingi hazidi urefu wa punje ya hindi, rangi yake ni ya udongo, naye hutambaa juu ya majani yaliyozama na juu ya tope. Mtoe kwa kijiko, umweke juu ya bamba, umwelekeze ncha ya gamba juu na mlango wake ukuelekee wewe. Konokono wengi mlango wao uko upande wa kuume. Ukiona mlango uko upande wa kushoto, simama hapo. Wako wasio na hatia walio na mlango wa kushoto, lakini katika malambo yetu yaelekea umempata mwenye kulea mdudu wa kichocho, ambaye wataalamu humwita Bulinus. Yuko na wa pili, bapa kama kamba iliyozungushwa chini, apendaye maji yasiyokauka, hasa ufuko wa ziwa. Yeye hulea kichocho cha tumbo.

Konokono mwenyewe hana ubaya. Yeye ni nyumba iliyopangishwa kwa nguvu. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya minyoo hutoka pamoja na mkojo. Yai likifika majini hupasuka, na kijidudu hutoka humo kikaogelea kumtafuta konokono. Akimpata huingia mwilini mwake, akazaa humo kwa muda wa majuma kadhaa, hata kutoka mmoja wakapatikana maelfu. Ndipo hutoka nje, hasa jua liwapo kali, wakiwa na mikia iliyogawanyika, wadogo hata macho hayawezi kuwaona. Wakimkuta mtu amesimama majini, huipenya ngozi yake kwa dakika chache tu. Hapana kidonda, hapana damu, pengine mwasho kidogo. Huingia katika mishipa ya damu, hukua, na dume na jike hukaa pamoja kwenye mishipa ya kibofu kwa miaka mingi, jike akitaga kila siku. Mayai yana mwiba. Huo mwiba ndio uchanao nyama ya kibofu na kutoa damu.

Mwaka 1851 daktari Mjerumani, jina lake Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi Kairo, aliwaona minyoo hao katika maiti. Lakini watu hawakujua wanavyoingia mwilini. Wengine walidhani ni kwa kunywa maji. Ilikuwa mwaka 1915, huko huko Misri, Mwingereza Robert Leiper alipoonyesha kazi ya konokono katika jambo hilo. Tazama jinsi mambo yalivyo: ugonjwa uliowatesa watu wa Nile tangu zama za Firauni haukufahamika mpaka mtu alipoinama na kuchagua konokono wadogo kutoka katika tope la mfereji.

Mimi nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, nilichunga mbuzi wa baba pamoja na wenzangu watano. Adhuhuri mbuzi wakiisha kunywa, nasi tulijitupa lamboni, tukaogelea na kurushiana tope. Baada ya miezi nikaanza kuona damu mwishoni mwa mkojo. Sikuwaambia wazazi. Mmoja wetu aliyekuwa mkubwa alisema hiyo ni dalili ya kijana kuanza kuwa mtu mzima, nasi tukamwamini, hata yule asiyekuwa nayo alisikitika. Nikakonda, nikawa mzito wa kujifunza, mwalimu akanihesabu kuwa mvivu. Mwishowe mama aliona damu juu ya mchanga nyuma ya nyumba, akanishika mkono siku ile ile akanipeleka zahanati. Nilipewa vidonge vya dawa iitwayo prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wangu, nikapona. Mwenzangu yule mkubwa hakwenda, kwa kuwa aliona haya. Alipokuwa mtu mzima kibofu chake kilikuwa kimeharibika sana.

Dawa hiyo ndiyo igawiwayo sasa shuleni, nayo ni njema, lakini huua minyoo iliyokwisha kuingia tu. Haikuzuii kupata mingine kesho. Ndiyo sababu sisi tutazamapo tope husimama pakavu. Na beseni likiisha kazi, maji yake humwagwa kwenye nchi kavu penye jua, wala hayamwagwi lamboni. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria huletwa Kahama na Shinyanga kwa mabomba kutoka Ihelele, na nyumba nyingi hazina haja tena ya kuteka lamboni. Lakini bomba halimzuii mvulana mchungaji kuoga adhuhuri.

Sasa twende Geita. Hapa maji ni ziwa lenyewe, na mtoto asiende ufukoni bila mtu mzima, maana mamba wako na viboko wako. Katika tope na miamba ya ziwa hili waliishi samaki wadogo waitwao furu, zaidi ya aina 500. Kila aina ilikuwa na kazi yake kama mafundi wa mji. Wengine walikwangua mimea ya kijani juu ya mawe, wengine walikula tope lenyewe, wengine wadudu, na wengine walikuwa na meno mapana kooni ya kupondea konokono. Jike wa furu huyachukua mayai yake kinywani, asile kwa siku nyingi, mpaka watoto waweze kuogelea.

Katika miaka ya 1950 samaki mkubwa, sangara, aliletwa ziwani na watu waliotaka kuongeza kitoweo na biashara. Kwa muda hakuonekana sana. Kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka mno. Mabwana wa elimu ya samaki kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa wakifanya kazi katika ghuba ya Mwanza wakihesabu furu, nao waliona kwa macho yao nyavu zilizokuwa zikijaa furu zikitoka na sangara. Mamia ya aina za furu walitoweka au wakawa adimu. Sangara hakuwa mwenye lawama peke yake. Udongo na uchafu kutoka nchi kavu uliyatia maji giza, na furu humchagua mwenzi wake kwa rangi. Jike asipoiona rangi ya dume sawasawa hukosa kumtambua wa aina yake, na aina mbili huchanganyika zikawa moja. Mpiga mbizi wa Lembeh akivuruga tope hupoteza kazi ya siku moja; ziwa likivurugwa hupoteza aina nzima za samaki. Siku hizi baadhi ya furu wameongezeka tena, lakini waliokwisha kutoweka hawarudi.

Liko na jambo la pili katika tope la Geita. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, ile madini iliyo majimaji kama maji ya fedha. Huichanganya na unga wa mawe, zebaki hushikamana na dhahabu, kisha donge huchomwa motoni. Zebaki huenda hewani kwa mvuke, na dhahabu hubaki. Zebaki nyingine humwagika pamoja na maji ya kuoshea, ikafuata vijito. Wataalamu waliopima tope la mahali pa namna hiyo huko Rwamagasa, mkoani Geita, waliikuta humo. Ikiwa ndani ya tope, vijidudu visivyoonekana huigeuza kuwa sumu kali kuliko kwanza. Buu lile jekundu hula tope na sumu kidogo; samaki mdogo hula mabuu mengi; samaki mkubwa hula samaki wadogo wengi; na kila mlaji huhifadhi mwilini sumu ya wote aliowala. Huko Minamata, Japani, watu walikula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda. Mwaka 1956 ugonjwa wao ulitambulika: waliotetemeka, walioshindwa kusema, na watoto waliozaliwa wakiwa wamelemaa, ijapokuwa mama zao walionekana wazima. Kwa jina la mji huo mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013 ili kupunguza zebaki duniani, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa Geita, usitafute wadudu katika kijito kipitacho penye kuoshea dhahabu, wala katika shimo la zamani lililojaa maji. Shimo hilo halina ukingo wa taratibu kama lambo. Hatua moja ni chini, hatua ya pili huna mahali pa kukanyaga. Tena usimsaidie mtu kuchoma donge la zebaki, hata akiwa ni ndugu yako mkubwa. Mwambie kwa heshima, "Kaka, mvuke huo ndio sumu yenyewe," ukakae mbali upande utokako upepo.

Turudi Shinyanga, maana masika yamekwisha. Mwezi wa Juni lambo linapungua. Mwezi wa Agosti tope limepasuka vipande kama vigae, na ng'ombe wapita juu yake wakitimua vumbi. Mtoto atasema, "Sasa kweli hamna kitu." Hapo ndipo elimu ya tope inapokuwa tamu.

Konokono yule wa mlango wa kushoto yumo bado. Amejizika katika tope, naye amelala mpaka mvua. Ndiyo sababu lambo lililokuwa kavu miezi mingi huwa na kichocho tena muda mfupi baada ya kujaa. Kamongo naye aweza kujichimbia shimo na kujifunika ute ukaukao kama karatasi, akapumua hewa kwa mapafu, maana yeye ni samaki mwenye mapafu. Na kamba wale waogeleao chali wamekufa wote, lakini mayai yao yamo katika vumbi lile. Mayai hayo hukauka kabisa, hupeperushwa na upepo, huchomwa na jua, wala hayafi.

Zaidi ya wote nawasifu samaki wa madimbwi ya masika. Wapo katika Tanzania aina nyingi, kuanzia mabonde ya pwani mpaka nyanda za Wembere zilizo kusini ya nchi yetu. Si wakubwa kuliko kidole. Dume ana rangi za kupendeza, nyekundu na buluu. Jike ni wa rangi ya tope, kwa usalama wake. Mvua zikijaza dimbwi hutoka mayaini, hula mchana kutwa, na kukua kwa haraka isiyo ya kawaida. Aina moja ya Msumbiji na Zimbabwe imeonekana kuwa tayari kutaga kwa muda wa siku 14 tu tangu kuzaliwa. Kila siku dume na jike hujibana tumboni pa dimbwi na kuzika mayai katika tope, moja moja. Dimbwi likikauka wazazi wote hufa. Hata mmoja hasalimiki. Katika nchi nyingi watu walipoona samaki ndani ya dimbwi lililokuwa vumbi mwezi uliopita, walisema wameanguka na mvua kutoka mbinguni.

Na mayai hayo yana busara ya mkulima. Mwajua kwamba mvua ya kwanza yaweza kudanganya: hunyesha siku tatu, kisha jua hurudi kwa majuma mawili. Mkulima mwenye akili hapandi mbegu zote kwa mvua ya kwanza, maana akikosea hana cha kupanda tena. Mayai ya samaki hawa ni hivyo hivyo. Yote hayaamki pamoja. Mengine huamka kwa mvua ya kwanza, mengine hungoja ya pili, na mengine hupita mwaka mzima yamelala.

Mwaweza kulishuhudia jambo hili kwa macho yenu. Mwezi wa Septemba, wakati lambo au dimbwi la mbugani limekauka kabisa, chimbeni kwa jembe kigae cha tope lililo katikati, mahali maji yalipokaa siku nyingi. Kiwekeni ndani ya ndoo, andikeni tarehe na mahali, mkitunze kivulini darasani. Mvua zikianza, kingeni maji ya mvua kutoka batini, mkimimine juu ya tope mpaka maji yafike kimo cha kiganja. Fungeni chandarua juu ya ndoo, mbu wasije wakataga humo. Na tangu siku hiyo mtu asitie mkono ndani, kwa sababu ya konokono, tumieni kijiko.

Siku ya kwanza mtaona tope na mapovu. Siku ya pili au ya tatu, asubuhi, chukueni ndoo mpaka dirishani, mwanga uingie kwa ubavu. Mkiona vitone vyeupe vikienda kwa kurukaruka, vidogo kuliko chembe ya chumvi, hao ni kamba. Kama bahati ni yenu na dimbwi lilikuwa lao, mtaona na kitu kama uzi mfupi chenye macho mawili meusi, kimetulia karibu na ukuta wa ndoo. Akisogea mtu hukimbia. Basi msisukumane, tazameni kwa zamu.